Shemeji ananimaliza kabla sijamfikia. Niuze jeshi langu?

Dada mshauri, pole na kazi.

Nakuandikia wewe kwa sababu kila ninayejaribu kumweleza jambo hili ananiona mtu mzima anayelilia midoli. Mimi na shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, tunacheza Warhammer 40,000. Yeye ndiye aliyeniingiza. Kwa wasomaji wako wasioujua mchezo huu: kila mtu ana jeshi lake la vijisanamu vya plastiki, askari na majitu ya milenia ya 41. Unavikata kutoka kwenye fremu, unavigundisha, unavipaka rangi, kisha mnapambana mezani kwa dadu na tepu ya kupimia.

Mimi nilichagua Tyranids, wale viumbe wanaotoka nje ya galaksi na kula sayari nzima. Niliwapenda mara ya kwanza kuwaona: makucha, magamba, mikia, vinywa. Shemeji ana T'au, jeshi la bunduki za masafa marefu na mashujaa wanaovaa mavazi ya vita marefu kama nyumba.

Tunacheza kila tunapopata nafasi, pointi 2000 kila upande (ndiyo hesabu ya ukubwa wa jeshi), na mambo huenda vilevile. Anaanza kufyatua, nami naanza kuondoa. Viumbe wangu wanatoka ukingoni mwa meza, wanapigwa. Wanasogea, wanapigwa. Wachache wakifika karibu narusha dadu mbili za kuvamia, yaani za kujua wanaweza kumrukia adui kwa inchi ngapi, zinatoka 3 na 2, basi wanasimama hapohapo na kupigwa tena. Ikifika duru ya tatu nimebakiwa na vitu vya kuhesabu kwa vidole. Huwa tunacheza mpaka jeshi moja liishe, na linaloisha ni langu. Meza tunayo nzuri, pana, tumeitandika kitambaa cha kijani, tumeweka vilima viwili pembeni na jengo moja lililobomoka katikati.

Shemeji si mtu mbaya, wala hanicheki. Lakini zamu yake moja inakula karibu nusu saa, na kazi yangu muda wote huo ni kurusha dadu za kujikinga na kuondoa maiti. Mwisho wa mchezo ananipa mkono, ananiambia, "Utazoea, shem." Sijazoea. Siku hizi simu yake ikiita natamani nisipokee, na hilo ndilo linaloniumiza, kwa sababu kabla ya mchezo huu mimi na yeye tulikuwa watu wa salamu tu. Mchezo ndio uliotufanya ndugu.

Nimesoma kwamba kuna jitu fulani la jeshi langu ambalo halifi kirahisi, nikataka kulinunua. Halafu nikifungua kabati naona zaidi ya nusu ya vijisanamu vyangu bado ni plastiki ya kijivu, havijaguswa na brashi, wakati vyake vimepakwa rangi mpaka mboni za macho. Naona haya hata kuvipanga. Tena nasikia kanuni hubadilika kila baada ya miaka michache, nahofia nitanunua kitu leo, kesho kiwe hakina thamani mezani.

Niuze? Ninunue hilo jitu? Au nimwombe shemeji alegeze mkono, jambo ambalo kwa heshima iliyopo kati yetu sijui nitalianzia wapi?

Halafu kuna mpwa wangu, binti yao wa miaka 10. Hukaa pembeni akitutazama, na sasa ameanza kuuliza yeye atacheza lini. Hilo nalo nisaidie.

Ni mimi,
Mjomba Aliyechoka Kuondoa Maiti

*

Kaka yangu,

Usiuze, na hilo jitu usilinunue. Nilipofika kwenye sentensi yako kuhusu meza nilisimama, nikairudia. Vilima viwili pembeni, jengo moja katikati. Ukiongeza na lile la kucheza mpaka jeshi moja liishe, umenipa jibu zima bila kujua. Mambo hayo mawili yakikaa pamoja, mchezaji yeyote wa Tyranids atafungwa na mchezaji yeyote wa T'au, hata mkibadilishana viti. Shemeji hajakuzidi akili, na jeshi lako si bovu. Kinachokupiga ni uwanja.

Chukua karatasi tuhesabu pamoja, kwa namba za wastani ambazo si za jeshi fulani. Mkishapanga, kati ya mstari wako na wake kuna inchi 24 hivi. Kiumbe wako wa miguu anatembea inchi 6. Akikimbia anaongeza dadu moja, wastani wake inchi 3 na nusu, lakini aliyekimbia kwa kawaida haruhusiwi kuvamia zamu hiyo. Kwa hiyo unamaliza zamu ya kwanza ukiwa umbali wa inchi 14 na nusu. Zamu ya pili unatembea 6 nyingine, zinabaki 8 na nusu. Kuvamia kunakubalika ukifika ndani ya inchi 1 ya adui, hivyo dadu zako mbili lazima zitoe 8 au zaidi. Dadu mbili zina michanganyiko 36, na inayofikia 8 kwenda juu ni 15 tu. Mara nyingi zaidi utakwama kuliko utakavyofika, na ile 3 na 2 uliyoitaja haikuwa mkosi.

Sasa tazama upande wake. Akianza yeye, anakuwa ameshafyatua mara mbili kabla hujajaribu kuvamia hata mara moja. Kikosi cha askari 10 wenye risasi 2 kila mmoja ni dadu 20. Zikilenga kwa 3 kwenda juu, zinapata 13 hivi. Zikijeruhi kwa 4 kwenda juu, zinabaki karibu 7. Wewe ukijikinga kwa 4 kwenda juu, wanakufa 3 au 4. Vikosi vyake vitatu vikielekea mahali pamoja, wanaanguka 10, yaani kikosi kizima kila anapofyatua, na hapo hajagusa bunduki zake kubwa.

Weka ukuta mmoja kati yenu. Kikosi kilichojificha kabisa nyuma ya gofu, kwa bunduki za kawaida hakirushiwi dadu hata moja. Kilichojificha nusu kinapata kinga, ile 4 yako inakuwa 3, na wale 10 wanaokufa wanapungua kuwa 6 au 7. Halafu ukitokea nyuma ya ukuta ulio inchi 6 kutoka kwake, uvamizi wako unahitaji 5 tu kwenda juu, na hiyo ni michanganyiko 30 kati ya 36. Jeshi ni lilelile, dadu ni zilezile.

Ndiyo maana wachezaji wazoefu wanahangaika na mandhari ya meza kabla hata ya kufungua sanduku la jeshi. Kanuni za toleo la 10 la mchezo wenu, la mwaka 2023, zinachukulia kwamba meza imejaa. Gofu lina eneo lake chini, na aliye nje upande huu hamwoni aliye nje upande wa pili, hata kama ukuta una madirisha na mashimo. Tena, kaka, hapa ndipo jeshi lako linapong'ara: askari wa miguu na wanyama wanapita ndani ya kuta za gofu bila kuzunguka, kana kwamba hazipo. Magari ya ardhini hayawezi. Meza iliyojaa magofu ndiyo nyumbani kwa Tyranids. Umekuwa ukicheza ugenini tangu uanze.

Kwa meza ya inchi 60 kwa 44, ambayo ndiyo inayotumika kwa pointi 2000, mimi naweka vipande 10 au zaidi, na angalau nusu viwe virefu kiasi cha kumficha kiumbe wako mkubwa. Kipande kirefu kuliko vyote kiweke katikati au karibu yake, vingine uvipange kwa mshazari ili pasiwe na njia iliyonyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha inama mpaka jicho lako lilingane na kichwa cha kijisanamu, utazame. Ukisimama kwenye mstari wa kuanzia ukaona vikosi vyake vyote, ongeza vipande. Mkibaki kila mmoja anaona kikosi kimoja au viwili vya mwenzake, anzeni.

Huhitaji kununua mandhari. H. G. Wells alipochapisha kanuni zake za vita vya askari wa kuchezea mwaka 1913, nchi nzima ya vita aliijenga kwa vitu vya nyumbani, vitabu na mbao. Maboksi magumu ukiyakata kwa kisu kikali yanatoa kuta nzuri. Kata kingo zake ziwe na mapengo, toboa madirisha, pigilia kila gofu kwenye kibao cha chini ili eneo lake lijulikane, paka gundi nyeupe ya mbao kisha nyunyizia mchanga. Ikikauka, rangi nyeusi, halafu kijivu kwa juu. Yale mapovu meupe ya kufungashia vyombo yanafaa sana kwa miamba, ila usiyapulizie rangi ya kopo moja kwa moja, kwa sababu kiyeyusho kilichomo kinayala. Yapake kwanza gundi nyeupe pande zote, iache ikauke kabisa.

Hilo ni la kwanza. La pili ni kuacha kucheza mpaka mtu aishe. Mchezo huu haukutungwa hivyo. Una duru 5, na mshindi ni mwenye alama nyingi, na alama nyingi zinapatikana kwa kushikilia vituo vilivyotawanywa mezani. Kila kijisanamu kina namba inayoonyesha uzito wake katika kushikilia kituo. Namba za vijisanamu vyote vilivyo ndani ya inchi 3 za kituo zinajumlishwa, mwenye jumla kubwa ndiye mwenye kituo. Fikiria maana yake kwa mtu mwenye viumbe wengi wadogo. Shemeji anaweza kuua nusu ya kundi na kituo kikabaki chako. Atalazimika kutoka kwenye kona yake aje kukusukuma, na akija karibu unajua nani ana makucha.

Unaweza kumaliza mchezo ukiwa na viumbe 6 waliosalia na ukawa umeshinda. Mchezaji wa Tyranids anayejua kazi yake haliangalii jeshi lake kama hazina ya kutunza. Kundi la mbele linakufa ili kundi la nyuma lifike, na hadithi yenyewe ya viumbe hao inasema hivyo. Utaanza kuondoa maiti bila uchungu, kwa sababu kila maiti itakuwa imenunua kitu.

Ile nusu saa ya kungoja ni jambo tofauti, na nakuhurumia, kwa sababu mandhari haitaliponya lote. Katika mchezo wenu mtu anacheza jeshi lake zima, kisha mwenzake anacheza lake zima. Ndiyo asili ya muundo huo. Dawa ya haraka ni kupunguza. Chezeni pointi 1000. Zamu zinafupika, kila kikosi kinakuwa na uzito wake, na mnaweza kucheza mara mbili kwa muda ambao sasa mnacheza mara moja. Ukipigwa mchezo wa kwanza, wa pili unakungoja palepale.

Na msijifunge kwenye kanuni za aina moja. Kill Team, ndugu mdogo wa mchezo wenu, inachezwa kwenye ubao wa inchi 30 kwa 22 na kikosi kimoja kila upande, na mnapokezana kijisanamu kimoja kimoja: mimi mmoja, wewe mmoja. Kuna Grimdark Future, yenye kanuni za msingi zinazotolewa bure, ambapo mnapokezana kikosi kwa kikosi na mnatumia vijisanamu hivihivi mlivyonavyo. BattleTech, mchezo wa mashine kubwa za vita ulioanza mwaka 1984 huko Marekani, una wazo ambalo nalipenda mno: madhara yote ya duru ya kufyatua yanahesabiwa mwisho wake, kwa hiyo hata mashine iliyopigwa risasi ya kuimaliza inapata kufyatua yake kabla ya kuanguka. Na Infinity, ya kampuni ya Corvus Belli ya Hispania, inamruhusu asiye na zamu kujibu kila adui anapojitokeza mbele ya macho yake. Sikwambii mhamie huko. Jaribuni mmojawapo mara moja, mtarudi kwenye wenu mkijua nini hasa kilikuwa kinakuchosha.

Kuhusu hilo jitu lisilokufa. Kampuni inayotengeneza mchezo, Games Workshop, hurekebisha pointi na uwezo wa vikosi mara kadhaa kwa mwaka, na vitu vinavyoshinda kupita kiasi ndivyo vinavyoguswa kwanza. Matoleo makubwa yamekuja 2014, 2017, 2020 na 2023. Anayekimbiza kilicho na nguvu leo anakimbiza daima. Lakini hofu yako kwamba kijisanamu kitakosa thamani ni kubwa kuliko hali ilivyo. Mchezo huu ulizaliwa mwaka 1987, na watu wanaweka mezani leo vijisanamu walivyovigundisha utotoni. Namba zao kwenye karatasi zimebadilika mara nyingi, wenyewe wako palepale. Ikitokea kimoja kimeondolewa kwenye mashindano, hakuna anayekuja kukiondoa kwenye meza yenu wawili. Nunua kiumbe kwa sababu umempenda ulivyompenda yule wa kwanza. Sababu nyingine yoyote ikikujia, subiri.

Haya ya plastiki ya kijivu naomba uyaache leo. Ipo kanuni inayompa mwenye jeshi lililopakwa rangi hadi alama 10 kati ya 100. Nyinyi wawili mkubaliane kuiacha mpaka utakapokuwa tayari. Na utakuwa tayari mapema kuliko unavyodhani, kwa sababu Tyranids ni rahisi kupaka kuliko T'au. Wana magamba yenye mistari, misuli, matuta, na vitu hivyo vinafanya nusu ya kazi vyenyewe.

Fanya hivi. Chukua viumbe 5, si 50. Pulizia praima, ile rangi ya msingi, ya rangi ya mfupa, kwa umbali, mara mbili nyepesi badala ya mara moja nzito. Paka magamba rangi moja unayoipenda, iliyochanganywa na maji kidogo mpaka iteleze kama maziwa. Ikikauka, chovya brashi kwenye wino wa kivuli wa kahawia, mwagia kiumbe mzima, na utazame unavyotiririka kuingia kwenye mifereji kati ya magamba na kuacha matuta wazi. Uache mpaka ukauke, usiuguse. Kisha chukua brashi kuukuu, ichovye kwenye rangi ya mfupa iliyokolea, uifute kwenye karatasi mpaka ionekane haina rangi tena, halafu ipitishe juu ya magamba harakaharaka, kushoto kulia, bila kugandamiza. Rangi itashika ncha tu. Kila ukingo wa gamba utajichora mbele ya macho yako, na kiumbe aliyekuwa bonge la kahawia anakuwa na mgongo, mbavu, kucha. Mimi hapo huwa siwezi kuacha, namchukua mwingine. Macho na ulimi ni nukta moja moja, mwishoni. Kwa umbali wa mtu aliyekaa mezani, kundi la viumbe 20 waliopakwa hivi linapendeza kuliko kimoja kilichopakwa kwa mwezi mzima na 19 vya kijivu.

Sasa shemeji. Naelewa heshima inavyokuziba mdomo, na sidhani unatakiwa kumwomba alegeze mkono. Mtu akilegeza, wote wawili mnajua, na ushindi wa kupewa utakuuma kuliko kushindwa. Mwombe kitu ambacho mchezaji yeyote anayeupenda mchezo atakifurahia. Mtumie ujumbe kabla hamjakutana, usingoje mpaka uwe umeshapigwa na uso umekukunja. Mwandikie hivi, au kwa maneno yako:

"Shem, salama? Mechi ijayo naomba tubadilishe mambo. Ninajenga magofu ya kujaza meza. Tucheze pointi 1000, duru 5, kwa vituo. Halafu mchezo wa pili tubadilishane majeshi, wewe ushike wadudu wangu, mimi T'au wako. Natamani kuona wewe ungewachezaje."

Hilo la kubadilishana majeshi ndilo ninalolitegemea kuliko yote. Utaona kwa macho yako kwamba T'au wana wasiwasi mwingi: wanahesabu kila inchi, wanaogopa kuguswa, kikosi kimoja kikifikiwa na makucha kinavunjika. Yeye naye atatoka ukingoni na kundi lako, ataona ukuta wa bunduki, na ataelewa kitu ambacho wewe kwa heshima yako usingeweza kumwambia. Mtu aliyekupa mkono kila mwisho wa mchezo na kukuita tena hakutafuti akupige. Anakutafuta mcheze. Huenda naye ameona umenyamaza siku hizi na hajui aulize vipi.

Mwambie pia, mkiwa mezani, kwamba ungependa akueleze anachokifanya wakati anakifanya. "Hawa nawaweka hapa kwa sababu nakuogopa upande ule." Ile nusu saa inageuka darasa, nawe unaanza kuona mipango yake kabla haijakufikia. Na kama amesahau kanuni iliyo kwa faida yako, mkumbushe papo hapo, kwa sauti ya kawaida. Wewe pia mkumbushe zilizo kwa faida yake.

Nimalizie na mpwa wako. Miaka 10 inatosha kabisa, anza naye sasa. Asianze na jeshi. Mpe kikosi cha viumbe 5 kutoka kwenye kundi lako, kimoja kiwe kiongozi, awaendeshe yeye ndani ya mchezo wako na baba yake: anapima, anarusha dadu, anaamua waende wapi. Ushauri mpe akiuomba. Usimwekee kanuni zote siku ya kwanza, kutembea, kufyatua na kuvamia vinatosha, kujumlisha dadu mbili anakujua tayari. Akipenda kupaka rangi, hizo rangi za akriliki zinazochanganywa na maji na brashi ya pili ni zake. Kisu, supagluu na makopo ya kupuliza vibaki mikononi mwenu wakubwa, na mkipuliza mpulizie nje au penye hewa ya kutosha. Mkipata vijisanamu vya rezini, vumbi lake halifai kuvutwa: sugueni kwa msasa uliolowa maji, mvae barakoa, na yeye awe chumba kingine mpaka mmeshafuta meza.

Dada yako